Kibunda Alichofungua Baba

"Huko unakokwenda, ukisema hapana, nani atakusikia?"

Baba aliniuliza hivyo tukiwa tumesimama katikati ya miti yake ya miraa, nyumbani kwetu Meru, juu kidogo ya Laare, asubuhi ya ukungu. Mkobani nilikuwa na mkataba wa shirika moja kubwa la ndege la nchi za Ghuba, sijautia sahihi. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, leseni ya urubani, na jibu la kila kitu. Hilo swali sikuwa na jibu lake. Nilimwambia tu kwamba mashirika makubwa yana taratibu zake. Baba akavunja chipukizi moja, akaligeuzageuza, akasema, "Taratibu si mtu," kisha akaendelea kuvuna.

Nawaandikia ninyi vijana marubani mnaokuja hapa kwangu Majimbo, Embu, na mikataba yenu kwenye simu, mnaniambia, "Anti, hebu soma hii, iko sawa?" Mnataka niseme ndiyo au hapana mle barazani, kabla chai haijapoa. Siwezi. Najua wengine mnaondoka mkinung'unika kwamba huyu mama ana maswali mengi kuliko majibu. Ni kweli. Nilizaliwa hivyo, na chuo kikuu kikaniharibu zaidi. Lakini nitawaeleza jinsi nilivyopima kazi moja dhidi ya nyingine, na kitu ambacho sikukipima kabisa, halafu mtaamua wenyewe.

Sirushi ndege tena. Sikustaafu kwa sababu ya mvi. Daktari anayepima marubani alisikiliza moyo wangu, akasikiliza tena, akaniita nikae. Mapigo hayakuwa na mpangilio. Mwaka huo cheti changu cha afya hakikurudi, wala uliofuata, na rubani asiye na cheti cha afya ni mtu anayejua mambo mengi ya bure. Hilo nalo mliweke akilini mnaposoma mikataba: tafuta pale panaposema nini kitatokea siku mwili utakapokukatalia. Mikataba mingi niliyoona imeandika kurasa na kurasa kuhusu sare, na mstari mmoja kuhusu moyo.

Nilianzia kwenye ndege za miraa. Wengi wenu mmecheka nilipowaambia. Mnadhani rubani huanza na abiria, kofia, na wahudumu wanaotabasamu. Mimi nilianza na magunia. Miraa inavunwa Laare alfajiri, inafungwa vibunda kwa majani ya mgomba ili isinyauke, inatiwa magunia, na magari madogo yanaikimbiza Nairobi kama yamebeba mgonjwa. Pale uwanja mdogo wa ndege inapimwa, inapakiwa, na sisi tunaivusha mpaka Somalia kabla jua halijaichoma. Miraa ya jana ni kuni. Kwa hiyo kila mtu kwenye mnyororo ule, tangu mvunaji mpaka rubani, anaishi kama nyumba inaungua.

Ndege zilikuwa za Hajji. Hilo ndilo jina nililomwita siku zote, nami sitamtaja kwa jingine. Mfanyabiashara wa mji wa Maua, mtu mzima, mwembamba, mwenye sauti iliyomzidi mwili. Familia yake ilikaa Maua tangu babu yake, na Kimeru chake kilikuwa kizuri kuliko Kimeru cha mama yangu, ambaye ni Mwembu wa Kianjokoma na hakuwahi kukikubali kikamilifu. Hajji alianza kwa kununua miraa ya wazee kama baba yangu, akapanda, akanunua ndege kuukuu, halafu ya pili. Mimi nilikuwa rubani msaidizi kwenye ile ya pili.

Kapteni wangu alikuwa Nyaga. Naye ni wa Kianjokoma, na alipogundua mama yangu anatoka huko aliamua kwamba mimi ni mdogo wake, basi. Sikupewa nafasi ya kukataa. Nyaga alirusha ndege kama mkulima anavyolima: bila haraka, bila sifa, akitazama mbingu mara nyingi. Alikuwa na mazoea yaliyoniudhi. Kila siku, baada ya karatasi ya mzigo kuja na jumla ya uzito imeandikwa vizuri, alishuka akatembea kando ya magunia akiyagusa moja moja.

"Kapteni, si yamepimwa?" nilimwuliza mwanzoni.

"Yamepimwa."

"Sasa unatafuta nini?"

"Natafuta kama yamekunywa."

Nilidhani ni utani wake. Nyaga alikuwa na utani mkavu ambao ulikufikia ukiwa tayari angani. Kumbe hakutania. Ndege ikichelewa, iwe kwa sababu ya mawingu au karatasi za kibali, wapakiaji hunyunyizia magunia maji ili miraa isife. Ni kazi ya huruma, na kila mtu aliyekulia Laare angefanya vivyo hivyo. Hata baba angefanya. Lakini magunia yalishapimwa yakiwa makavu. Gunia, majani ya mgomba, vibunda vyenyewe, vyote vinafyonza. Karatasi inabaki na uzito wa asubuhi, na ndege inabeba uzito wa adhuhuri. Hilo ni kosa ambalo huwezi kulikuta kwenye kitabu chochote cha chuo cha urubani, kwa sababu waliokiandika hawakuwahi kusafirisha kitu kinachonyweshwa maji kama mbuzi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Nyaga alikuwa akizungumza na watu wa hali ya hewa. Mawingu yalikuwa yametuzuia tangu asubuhi, na jua lilikuwa limeanza kujitokeza, lile kali la baada ya mvua. Nilishuka mimi kutembea kando ya magunia, kwa sababu nilishayazoea yale mazoea kiasi cha kuyaona yangu. Nikagusa la kwanza. La pili. Chini ya rundo maji yalikuwa yakitiririka sakafuni, membamba, yakielekea kwenye mfereji. Joto lilikuwa limeshapanda, na mkiwa marubani mnajua joto linavyoifanya ndege kuwa mvivu wa kuinuka. Nikasema, "Hatupakii. Magunia yapimwe upya."

Wapakiaji wakacheka. Mmoja akasema, "Dada, mizani iko kule mbali. Tukirudisha hii mzigo yote, jua itaimaliza."

"Basi iimalize."

Siku hiyo, kwa bahati mbaya, Hajji mwenyewe alikuwa uwanjani. Kwa kawaida alikaa Maua na kutuendesha kwa simu. Alitoka kwenye kibanda cha ofisi huku kanzu ikipepea.

"Nani amesema hatupakii?"

"Mimi."

"Wewe? Na kapteni yuko wapi?"

"Yuko njiani. Lakini nimesema mimi."

Basi akanifokea. Alinifokea mbele ya wapakiaji, mbele ya madereva waliotoka Laare, mbele ya watu wa ndege nyingine waliosimama kutazama. "Binti, hii miraa inakufa! Unajua ni ya nani? Ni ya baba yako humo ndani! Mzee ameamka usiku kuivuna, wewe unataka ioze kwa sababu umeona maji? Kama unaogopa ndege, kuna kazi ya jikoni. Nenda kwa mama yako Kianjokoma ukachume chai!"

Mtu mmoja nyuma akarudia, "Ukachume chai!" na kicheko kikazunguka.

Nyaga alifika wakati huo. Hakuuliza kitu. Aliweka kiganja juu ya gunia, akakiangalia kilivyolowa, akavua kofia yake na kukaa juu ya rundo lile, kama mtu anayesubiri kunyolewa.

"Umesikia rubani wangu, Hajji," akasema. "Hatuendi mpaka ipimwe."

Ikapimwa. Ilikuwa imezidi, tena si kidogo. Magunia kadhaa yakabaki chini, tukaondoka tumechelewa, na miraa ile ikauzwa bei ya kutupa. Hajji hakunitazama tena siku ile. Nyaga tulipokuwa juu ya mawingu akaniambia, "Mdogo wangu, hapana ni kama tairi la akiba. Hulitumii kila siku, lakini ole wako ukifungua nyuma ukute halipo." Huo ndio ulikuwa ushauri wake wote. Kisha akaomba chai, akakumbuka nilichoambiwa kule chini, akacheka mpaka akakohoa.

Mimi sikucheka. Ukiwa kijana na umesoma, kufokewa mbele ya watu kunakuingia kama mwiba wa mgunga. Unatoka nje na ncha inabaki ndani. Jioni ileile nikaanza kutafuta kazi kwingine.

Hapa ndipo ninyi mnapopapenda, kwa hiyo nitawaeleza nilivyopima. Ofa ya Ghuba ilikuja baada ya usaili mrefu. Ndege kubwa, nyumba, mshahara ambao sikuwa na hakika nautamkaje mbele ya wazazi wangu. Nikaugawanya pande zake, nanyi fanyeni hivyo: kile unacholipwa hata usiporuka, na kile unacholipwa kwa saa za kuruka tu. Wengi hutazama jumla iliyotajwa kwenye usaili. Hiyo jumla ni ya mwezi ambao kila kitu kimekwenda sawa, na mwezi wa namna hiyo huja kama mpwa tajiri, mara chache na kwa sherehe. Ishi kwa hesabu ya msingi. Usipoweza kuishi nayo, hiyo kazi si yako.

Halafu kulikuwa na bondi. Shirika linakufundisha ndege yake mpya, na wewe unaahidi kukaa miaka kadhaa; ukiondoka mapema unalipa gharama ya mafunzo. Si jambo baya lenyewe. Lakini uliza kama deni linapungua kila mwezi unaokaa au linabaki zima mpaka siku ya mwisho. Uliza kama linakuandama hata wakikufukuza wao. Uliza kesi ikitokea itasikilizwa nchi gani na kwa lugha gani. Mimi niliuliza yote hayo, kwa barua pepe, kwa namba, moja mpaka mwisho. Bibi aliyekuwa akinijibu kutoka Ghuba alichoka nami. Majibu yake yalizidi kuwa mafupi na ya adabu. Nilijisifu. Nilijiona mtu asiyeweza kudanganywa.

Niliangalia na nafasi nyingine. Shirika la hapa nchini, la ndege za abiria, lilikuwa tayari kunichukua kwa mshahara mdogo, lakini ningeanza mkiani kabisa mwa orodha ya ukubwa kazini. Hili vijana hamlijui mpaka liwaume: kwenye mashirika mengi, ukihama, uzoefu wako wote unabaki mlangoni kama viatu. Wewe uliyekuwa karibu kupata ukapteni unakaa nyuma ya mtu aliyeajiriwa wiki moja kabla yako. Na kwa Hajji kulikuwa na jambo jingine: Nyaga alinidokezea kwamba wanafikiria kunipa ukapteni. Kiti cha kushoto, katika umri ule, kwenye ndege yoyote, si kitu cha kudharau. Niliudharau. Nilimwambia Nyaga kwamba ukapteni wa kuchuma chai siutaki.

Siku zangu za mapumziko nikapanda kwenda nyumbani kuwaeleza wazazi. Nilifika saa za jioni, jua bado lipo, nikawakuta baba na wazee wawili wa jirani barazani. Mezani palikuwa na kibunda.

Ninyi mliozaliwa Meru mnajua namaanisha nini. Wa Embu na kwingineko niwaeleze. Si miraa ya kutafuna tu ile. Ni ncoolo, kibunda cha heshima, miraa iliyochaguliwa chipukizi kwa chipukizi na kufungwa kwa unadhifu kabisa. Mtu anayekuja na jambo zito haji mikono mitupu; anakuja na kibunda hicho. Akitaka kuposa binti, anakuja nacho. Mwenye nyumba anakitazama, anasikiliza. Akikikataa, mgeni anarudi nacho, na neno lake limekataliwa. Akikifungua, amekubali. Hakuna kukifunga tena. Nilijua hivyo tangu nikiwa mdogo, nikichungulia dirishani dada zangu wakiposwa.

Kile cha mezani kilikuwa kimefunguliwa. Kamba yake ya mgomba ilikuwa pembeni, imekunjwa vizuri.

"Nani alikuja?" nikauliza.

"Hajji," baba akasema. "Ameondoka sasa hivi. Hamkupishana barabarani?"

Moyo wangu, huu huu ulioniachisha kazi, ulidunda mpaka masikioni. "Na wewe ukafungua?"

"Nilifungua."

"Baba!"

Wazee wawili wakatazamana. Mmoja akasema polepole, "Mwari, salimia kwanza."

Niliwasalimia. Kisha nikasema nisiyopaswa kusema mbele ya wageni: kwamba mimi si mbuzi wala si shamba, kwamba huwezi kukaa na tajiri yangu mkanigawana kwa miraa, kwamba nimesoma, kwamba kama Hajji ananitaka nibaki basi aje kwangu na mkataba wenye herufi. Mama alitoka jikoni, mama yangu mtu wa kanisa ambaye hakutaka hata jani la miraa lipite mlangoni kwake, akasimama na kitambaa mkononi. Nilitegemea angeniunga mkono. Akasema tu, "Kendi, umemaliza? Njoo ule."

Baba hakujitetea. Nakumbuka nilisubiri ajitetee. Nilikuwa tayari kwa hoja zake zote. Alichukua chipukizi moja kutoka kwenye kibunda, akaliweka tena.

"Wewe utakwenda unakotaka," akasema. "Hakuna mtu amekufunga."

"Sasa umefungua nini?"

"Nimefungua kibunda changu."

Usiku tulilala tumenuniana. Asubuhi ndipo akaniuliza lile swali kwenye ukungu, nami ndipo nikakosa jibu, na kwa sababu nilikosa jibu nikazidi kukasirika. Nilimwona amekubali kunishawishi nibaki, akatafuta swali la kunikwaza. Nikautia mkataba sahihi nikiwa Maua, kwenye kaunta ya duka la kuchapisha karatasi, na nilipotoka nikapita mbele ya ghala la Hajji kichwa juu.

Ghuba ilikuwa nzuri. Sitawadanganya ili hadithi yangu ipendeze. Nilirusha ndege ambazo bawa lake moja lingefunika boma letu. Nilijifunza unadhifu wa kazi, nikaona miji kutoka juu ambayo baba hakujua hata majina yake, nikawajengea wazazi nyumba ya mawe. Waliofanya kazi na mimi walikuwa watu waungwana kutoka kila pembe.

Kisha ikafika siku niliyosema hapana. Nilikuwa nimeruka usiku mfululizo, zamu zimepangwa kwa namna ambayo kwenye karatasi kila mapumziko yalikuwa halali, na mwilini hakuna hata moja lililokuwa la kweli. Mnajua ile hali ya kusoma namba ileile mara tatu? Nikapiga simu kusema nimechoka, sifai kuruka. Sauti upande wa pili ilikuwa tulivu. "Asante kwa taarifa yako. Imeandikwa." Hakuna aliyenifokea. Hakuna aliyekuja. Baada ya siku chache ikaja barua pepe ya kuniita kwenye mazungumzo kuhusu mahudhurio yangu, na watu watatu wenye adabu wakaniuliza, kwa sauti ileile, kama nina hakika kwamba kazi hii inanifaa. Mwaka huo jina langu lilirukwa kwenye kupandishwa cheo. Nilipouliza sababu niliambiwa ni utaratibu.

Nilikaa chumbani kwangu nikamkumbuka Nyaga juu ya magunia na kofia mkononi. Na cha ajabu, nikamkumbuka hata Hajji. Alinifokea, ndiyo, lakini alinifokea mimi, uso kwa uso, na mzigo ukapimwa. Huku hapana yangu ilikuwa imetua mahali laini, ikazama, haikutoa hata sauti.

Nikakaa mpaka bondi ikaisha, kwa sababu nilikuwa nimeisoma vizuri na nilijua bei ya kuondoka mapema. Kisha nikarudi nikajiunga na lile shirika la hapa nchini, mkiani mwa orodha, nyuma ya vijana niliokuwa nimewazidi saa za kuruka maradufu. Mmoja wao aliniita "mama" siku ya kwanza, nikamwambia ajaribu "kapteni mtarajiwa", akacheka, tukawa marafiki. Huko nilikuta marubani wakubwa walioweza kukataa ndege na wakaendelea kula chakula cha mchana na bosi wao. Nikajua hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta, na kwamba hakiandikwi kwenye mkataba wowote. Unakipata kwa kuwauliza waliokwisha kuondoka. Waliopo watakusifia kazi. Wana mkopo wa nyumba. Mtafute aliyeacha, mnunulie chai, mwulize: mara ya mwisho mtu kusema hapana pale, alifanywa nini?

Wakati nikiwa Ghuba, Nyaga alikuwa akinipigia simu mara mojamoja. Katika simu moja ya mwanzo kabisa alinieleza habari za uwanjani kwa furaha ya mtoto. "Hajji amenunua mizani mpya. Inakaa pale pale mlangoni kwa ndege. Gunia haliingii kabla halijapita juu yake, hata kama lilipimwa asubuhi. Sasa sigusi tena magunia, nimekuwa mvivu." Nikamwambia bila shaka wakaguzi wa serikali wamembana. Nyaga akasema huenda. Sikulifikiria zaidi.

Baba alifariki kabla daktari hajaanza kusikiliza moyo wangu. Hatukuwa tumegombana, miaka ilishapita, alishalala kwenye ile nyumba ya mawe na kulalamika kwamba haina moshi wa kutosha. Lakini kuhusu kibunda hatukuzungumza tena. Mimi niliyeuliza shirika zima la ndege kuhusu kila kifungu cha mkataba, sikuwahi kumwuliza baba swali moja: Hajji alikuja kuomba nini? Nilidhani najua.

Siku hizi napanda Laare mara kwa mara kuangalia miti. Mwaka jana nilikuwa huko nikibishana na mvunaji kuhusu matawi, gari likasimama njiani na akashuka mzee mwenye fimbo. Sauti ndiyo niliyoitambua. Hajji alishauza ndege zake kitambo. Alisema amesikia nimeachishwa na daktari, akaja kunipa pole. Tukakaa barazani, mama akamletea maziwa. Tukazungumza habari za Nyaga, ambaye anachuma chai yake mwenyewe Kianjokoma na kusema kwamba hatimaye ametii amri ya Hajji. Mzee alicheka, halafu kicheko kikamkatikia.

"Yale maneno," akasema. "Baba yako alinisamehe haraka sana. Mimi mwenyewe sikujisamehe."

"Alikusamehe lini?"

Akanitazama. "Si siku ile nilileta kibunda? Mtu akimtukana binti wa mwenzake mbele ya watu, atakwenda na nini tena?"

Mama, pale mlangoni, hakuonyesha kushangaa.

"Nilifikiri ulikuja kuomba nibaki," nikasema.

"Kuomba ubaki?" Hajji akatikisa kichwa. "Hilo ningekuambia wewe. Nilimwuliza mzee kama nikuite nikuombe radhi pia. Akakataa. Akasema ukisikia sasa utadhani tunakushika mguu, acha kwanza uchague."

"Na akafungua hivyo hivyo?"

"Hapana, hakufungua hivyo hivyo." Akaweka bilauri chini. "Nilileta na mbuzi, nikaongeza na asali. Akavirudisha kwenye gari. Akasema hatafungua mpaka niape kwamba nitaweka mizani mlangoni kwa ndege, ili rubani mwingine asilazimike kugombana nami. Nikamwambia, Baba Kendi, fikiria, magunia yakilowa na uzito ukizidi, yatakayoachwa chini ni ya kwako pia. Akasema anajua."